Chumba Kinachongoja Mgeni

Sisi tuna ugonjwa wa vikombe. Ingia nyumba yoyote pale Kitengela, ya mwenye duka au ya kibarua, utakuta kabati la vioo sebuleni na ndani yake vikombe vya maua ambavyo watoto wa nyumba hiyo hawajawahi kunywea. Wao wananywea vya plastiki. Vile vya kabatini vinangoja mgeni. Nilikulia katika nyumba kama hiyo kule Mbooni, na sikuona ubaya wake hadi mwaka wa 2006, nilipokuwa nafundisha hesabu katika shule moja ya kutwa huko mbugani, ndani kidogo ya barabara ya Namanga, tukaletewa kompyuta.

Zilikuwa kumi na mbili, zimeshatumiwa huko ng'ambo na marafiki wa kanisa moja, zikaja Januari kwa lori zikiwa zimefungwa kwa nailoni. Stima tulikuwa nayo kwa bahati tu. Wenye mashamba ya maua walikuwa wamevuta laini, na nguzo zikapita karibu nasi. Mwenyekiti wa bodi ya shule, Mzee Githongo, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale mjini, alitoa saruji, akatoa rangi, akatoa mlango wa chuma. Akina mama wa kamati ya wazazi wakafuma vitambaa, kila mama chake na rangi yake, wakavitandika juu ya kompyuta kama wanavyovitandika juu ya makochi. Chumba kikawa kizuri kushinda nyumba niliyokuwa nimepanga. Kisha kikatiwa kufuli, kimngoje mgeni wa heshima aje akifungue rasmi.

Mimi ni mwepesi wa hasira, nimeambiwa hivyo tangu utotoni, lakini mwanzoni sikukasirika. Nilisema mgeni atakuja Machi, basi. Nikaendelea na chaki yangu. Machi ikapita.

Kilichonivuruga ni kozi. Likizo ya Aprili walimu wa hesabu tuliitwa Kajiado mjini, tukalazwa katika bweni la shule, tukala maharagwe asubuhi na jioni kama wanafunzi. Siku moja mkufunzi akawasha kompyuta na kutuonyesha programu ya kuchora grafu. Mimi nilikuwa nimeichora ile grafu iliyopinda kama bakuli ubaoni miaka mingi, kwa mkono, chaki ikinijaa puani, na kila mara ilikuwa kitu kilichokufa. Mkufunzi akabadilisha namba moja tu, bakuli likapanda. Akaibadilisha tena, likashuka. Nilijikuta nimesimama. Mwalimu mmoja kutoka Rombo, mzee mwenye mvi, alisema kwa sauti, "Kumbe!" na hakuna aliyemcheka, kwa sababu wote tulikuwa tumesema hivyo hivyo moyoni. Nilirudi Kitengela na ile programu katika disketi, nimeiviringisha ndani ya leso mkobani isije ikaingia vumbi.

Na njia nzima nilikuwa namfikiria Celine.

Celine Munguti alikuwa kidato cha nne. Kwao ni Kitui, lakini alilelewa Kitengela, katika nyumba za mabati nyuma ya soko, na mama yake alikuwa akikata waridi katika shamba moja la maua. Msichana mrefu, mtulivu, sauti ya kwanza katika kwaya. Kiingereza alikuwa sawa, Baiolojia alikuwa sawa, na alitaka kuwa nesi. Chuo alichokitaka, cha misheni, kilidai D plus ya hesabu. Si A, si B. D plus, gredi ambayo mzazi wa Nairobi akiletewa nyumbani anatafuta mshipi. Na Celine tangu kidato cha kwanza alikuwa hajawahi kupata kitu isipokuwa E.

Hakuwa mvivu. Ningesema ni mvivu ningekuwa nimepumzika. Alikuwa akijaza karatasi nyuma na mbele, anafuta, anaandika tena, mpaka karatasi inatoboka. Siku ya wazazi mama yake alikuja na sare ya shamba, vidole vimejaa mikwaruzo ya miiba, akaketi mbele yangu kama mtu aliyeitwa polisi.

"Mwalimu," alisema, "hiyo D plus ni kitu kubwa sana?"

"Si kubwa, mama."

"Sasa mbona haifiki?"

Nilimwambia tutajaribu. Ni jibu la mwalimu asiye na jibu, na yule mama alilijua, kwa maana alinishukuru haraka akaondoka.

Basi baada ya kozi nilimwendea mwalimu mkuu. Bwana Meitamei alikuwa mtu mwema, na wema wake ndio uliokuwa taabu yetu, kwani hakuweza kumwambia mtu yeyote hapana, hasa mtu aliyetoa saruji.

"Madam Kalunde," alisema, "unajua vile Chairman alisema. Hizo vitu zisiguswe mpaka launch."

"Na siku ya mgeni zikikataa kuwaka mbele ya watu wote? Si itabidi zijaribiwe?"

Hilo lilimwingia. Alikuna kichwa, akatazama nje ambako pundamilia watatu walikuwa wakijikuna kwenye ua wetu kama kawaida yao. Mzee Githongo alikuwa amekwenda Murang'a kwa mazishi ya shemeji yake. Mwalimu mkuu akafungua droo, akaacha ufunguo juu ya meza, akachukua kofia yake akasema ana kikao.

Sikuwachukua wote. Niliwachukua wale wa E, wale ambao walimu huwaita kwa pamoja, kama mifugo. Tulivua viatu mlangoni kwa heshima ya simiti mpya. Tukatoa vitambaa. Nikaingiza disketi katika mashine moja baada ya nyingine, zikakoroma, na baada ya muda bakuli likatokea katika vioo. Niliwafundisha kubonyeza, kisha nikanyamaza. Sijawahi kuwa na darasa tulivu namna ile, na mimi si mtu wa kunyamaziwa kwa hiari.

Celine ndiye aliyevunja ukimya. Alikuwa ameongeza ile namba ya mwisho kidogo kidogo, na bakuli lake likapanda mpaka likaachana kabisa na mstari wa chini.

"Madam, hii yangu imekataa. Haigusi."

"Haijakataa. Pale bakuli linapokata mstari ndipo jibu lilipo. Sasa umeliinua. Linakata wapi?"

Aliangalia. "Hakuna mahali."

"Basi majibu ni mangapi?"

"Hakuna." Akageuka akanitazama. "Kwani inawezekana ikose jibu? Hivi tu? Hata kwa mtu mwerevu?"

"Hata kwangu. Hata kwa aliyeitunga."

Alishusha mikono mapajani. "Madam, mimi zile zote zilikuwa zinakataa nilidhani ni mimi mjinga."

Nilikwenda nikasimama dirishani kidogo, nikijifanya nafungua pazia. Miaka minne mtoto amebeba mzigo ambao si wake, na mimi ndiye mwalimu wake. Niliporudi alikuwa ameshalishusha bakuli chini na kuliinua tena, anahesabu majibu kwa sauti ya chini: mawili, mawili, moja, hakuna. Wiki ile nilimpa swali la aina hiyo darasani, akalipata. Alilipata lote. Nilitia alama ya vema nikaipitia tena kwa kalamu, ikawa nene.

Githongo alirudi, na siri haikukaa. Mama mmoja wa kamati alikuja kufagia, akaona kitambaa chake cha zambarau kiko juu ya kompyuta ya dirishani, na yeye alikuwa amekitandika juu ya ile ya mlangoni. Habari ikafika dukani kabla ya saa ya chai. Jioni hiyo Mzee akaja na pikapu, akabadilisha kufuli, akaondoka na ufunguo.

Nilimfuata dukani Jumamosi. Alikuwa katikati ya mabati na mifuko ya misumari, anamkatia mteja waya. Alinikaribisha vizuri, akaniagizia chai, maana si mtu mbaya. Laiti angekuwa mbaya ningejua la kumfanya.

"Mzee, nipe chumba kwa Form Four peke yake. Saa moja kwa wiki. Nitarudisha kila kitambaa mahali pake, nakuapia."

"Mwalimu, kunywa chai." Alingoja ninywe. "Wewe hukuwa hapa wakati wa kisima. Tulichimba kisima ya shule. Tukaita mtu mkubwa afungue, tukamwambia kuna hii na hii tunataka. Maji ikatoka mapema, watu wakaanza kuchota. Sasa mgeni anakuja, anapata mama na punda na mitungi, matope kila mahali. Akauliza, mimi nimekuja kufungua nini? Alikata utepe haraka haraka akaenda. Alikuwa ametuahidi tenki na pampu. Mpaka leo umeona pampu?"

"Sijaona."

"Haya. Mgeni hawezi kufungua kitu imefunguliwa. Akifungua hii ikiwa mpya, nitamwomba maabara. Maabara, Mwalimu! Hao watoto wako wa E ni wangapi? Maabara ni ya watoto miaka ishirini."

"Mzee, kuna msichana mmoja ambaye..."

"Kuna msichana, kuna kijana, wako wengi. Mgeni anakuja Juni."

Hesabu zake zilikuwa sawa. Alikuwa ameweka watoto wa miaka ishirini upande mmoja na Celine upande wa pili, na mimi mwalimu wa hesabu ndiye niliyekuwa nataka mizani ielekee kwa mtoto mmoja. Nilimwomba walau kompyuta moja niibebe nyumbani kwangu. Akaniuliza kwa upole, zikihesabiwa zikiwa kumi na moja atasema nini. Niliinuka nikaacha chai nusu, na njiani nikaona aibu kwa kuacha chai ya mzee.

Juni mgeni hakuja, alikuwa safarini. Julai alikuwa mgonjwa. Septemba akapata udhuru, na tulikuwa tumeshakodi mahema. Kila mara tulifanya usafi, tukapaka mawe chokaa upya, kwaya ikakumbushwa wimbo wake, na kila mara siku ilipofutwa nyasi za mbele ya kile chumba zikazidi kuwa nzuri kwa sababu hakuna aliyezikanyaga. Mimi nilikuwa nikipita pale kwenda darasani. Nilianza kuzunguka nyuma ya vyoo ili nisipite pale.

Nilijaribu njia nyingine, msiniulize ngapi. Nilipigilia misumari kwenye ubao wa mbao, nikafunga uzi, nikawa nauvuta uzi upinde kama bakuli. Uzi ukapinda unavyotaka wenyewe. Nilileta waya, waya ukawa na makona. Darasa lilinihurumia. Celine alikaa mbele, akaniambia, "Naona, Madam," na nilijua haoni, ananisaidia tu nisiaibike. Katika mtihani wa majaribio wa Julai alipata D minus. Kwa wengine ni kilio, kwetu sisi wawili ilikuwa sherehe, maana ilikuwa siyo E. Alihitaji kupanda ngazi mbili tu. Nilimpa mazoezi mpaka likizo ya Agosti, lakini alianza kurudi kule kule, kutoboa karatasi kwa kifutio. Alikuwa ameiona grafu mara moja, mchana mmoja, na kuona mara moja hakumfunzi mtu kitu. Kunamfanya ajue tu kwamba kitu kipo, na hilo wakati mwingine ni adhabu.

Nilikwenda tena kwa mwalimu mkuu. Nilipandisha sauti, hata karani akafunga mlango wa kati. Bwana Meitamei alinisikiliza mpaka mwisho. "Madam, ufunguo siko nayo," alisema. Ilikuwa kweli, na uso wake ulionyesha jinsi alivyofurahi kwamba ni kweli.

Mgeni alikuja Oktoba, siku iliyotangulia mtihani wa kwanza wa hesabu.

Ningecheka kama ingekuwa shule ya mtu mwingine. Asubuhi ile kidato cha nne kilipaswa kuwa na mimi, marudio ya mwisho. Badala yake wavulana walibeba viti kutoka kanisani na wasichana wakaimba. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, ule udongo wetu mweusi ukanata viatuni, na watoto wakawa wanatembea kama wamevaa sufuria. Mgeni alifika mchana na magari yake. Aliwasalimu watu, "Sopa!" na watu wakaitikia "Epa!" kwa nguvu, akina mama wa Kikamba na wa Kikuyu wakiwashinda Wamaasai wenyewe. Akakata utepe. Mlango wa chuma ukafunguliwa, na hewa ya ndani ikatoka, ile hewa ya nguo iliyokaa sandukuni.

Nilikuwa nimeombwa niandae onyesho dogo. Mashine tatu hazikuwaka. Panya walikuwa wameshafanya ufunguzi wao mapema, wakatafuna nyaya. Githongo alisimama mbele ya hizo tatu na koti lake pana. Niliingiza disketi katika moja iliyokuwa nzima, nikamwita Celine kutoka kwaya, akaja na sare ya kwaya na jasho la kuimba.

Aliketi. Mgeni akainama, akauliza kwa sauti ya mtu anayeuliza kwa ajili ya kamera, "Haya binti, hii ni nini?"

"Hii ni grafu," Celine alisema. "Ukipunguza hii namba inashuka, inakata huu mstari mara mbili, kwa hivyo jibu ni mbili. Ukiongeza inapanda." Akaongeza, bakuli likapanda. "Hapa inagusa tu, jibu ni moja. Na hapa hakuna jibu. Si makosa ya mtu, ni hivyo tu iko."

"Huyu ni daktari kabisa!" mgeni alisema, na chumba chote kikapiga makofi. Akashikana naye mkono, picha ikapigwa, na baada ya muda mfupi magari yakawa yanahangaika kutoka matopeni. Maabara aliiahidi. Nasema ukweli, aliiahidi, na Mzee Githongo alilia machozi.

Watu walipokwenda kula, Celine alibaki. Alikuwa bado ameketi pale pale, na wenzake wa E wawili watatu wamesimama nyuma yake bila viatu.

"Madam, tunaweza kukaa hapa hii jioni? Hii moja tu. Mimi sihitaji chakula."

Nilimwangalia Githongo mlangoni, ufunguo mkononi. Alikuwa na furaha kuu, na nilidhani mtu mwenye furaha hawezi kukataa. Nilimwomba mbele ya watoto. Nilimwita Baba, mimi ambaye simwiti mtu Baba.

"Mwalimu, kwani hawa si Form Four?" alisema, naye alishangaa kwa dhati. "Hawa wameshamaliza. Kesho wanafanya mtihani wanaenda zao. Tukianza na hawa, nani atafaidika? Wacha tuanze vizuri na Form One, Januari, na fundi akuwe ametengeneza hizo tatu. Enda ule, binti. Umetuletea heshima leo."

Celine akainuka. Akazima mashine kwa utaratibu, kama nilivyowafundisha, akachukua kitambaa cha kijani akakitandika juu. Mimi nilikuwa pale. Nilikuwa na mdomo wangu wote, ule ambao walimu wenzangu wanauogopa, na haukutoa kitu. Mlango ukafungwa.

Katika mtihani kulikuwa na swali la grafu, alama kumi. Nilikutana naye nje ya chumba cha mtihani na nilijua kabla hajafungua kinywa.

"Nilikuwa naiona, Madam," alisema. "Kichwani ilikuwa inapanda na kushuka. Lakini kwa karatasi unafaa kuweka nukta moja moja, na kila nikiweka, hiyo ya kichwa imeshasonga. Nikafuta. Nikaweka, nikafuta."

Nikamwambia ameshafanya la kwake, aende apumzike.

Matokeo yalikuja mwaka uliofuata, mwezi wa tatu. Celine alipata gredi nzuri kila mahali, na D ya hesabu. D tupu. Kutoka D kwenda D plus ni hatua moja, alama chache, hata nusu ya lile swali isingekosa kumvusha. Chuo hakikumwita. Nilipiga simu kule chuoni kutoka kibanda cha simu, nikabadilishiwa watu mpaka nikafika kwa sista mmoja mwenye sauti ya huruma, akaniambia wenye D tupu ni wengi sana na kila mmoja wao ana mwalimu anayepiga simu. Tulizungumza habari ya kurudia mtihani. Angetakiwa kurudia masomo yote, mwaka mzima, na nyuma yake nyumbani kulikuwa na wadogo waliongoja zamu yao. Mama yake alikuja kunishukuru. Aliniletea waridi zilizokataliwa na wanunuzi kwa sababu shingo zao ni fupi. Niliziweka majini nikashindwa kuziangalia.

Mzee Githongo alisikitika naye, na akafanya alichoweza. Alisema mtoto aliyetuletea heshima mbele ya mgeni hawezi kuachwa akae bure, akamwajiri kukitunza kile chumba. Kazi yake ilikuwa kupangusa vumbi, kuwasha, kuzima, na kuwaonyesha wageni, kwani sasa wageni walikuwa wakija kweli, wafadhili na wakuu wa shule nyingine, chumba chetu kikiwa na jina. Akapewa ufunguo. Celine mwenyewe aliniletea habari.

"Madam, wamenipa key," alisema, akanionyesha kiganjani.

Sikujua nimpongeze au nimkumbatie. Nikasema, "Vizuri, Celine," na hasira ikanipanda mpaka masikioni, na sikumwona mtu wa kumkasirikia. Githongo alikuwa amemsaidia. Mwalimu mkuu alikuwa ametia sahihi. Kidato cha kwanza walikuwa wakipelekwa mle Ijumaa, wacheze karata za kompyuta, maana grafu kama ile si ya darasa lao.

Celine mchana kutwa alikuwa peke yake na mashine. Mwezi wa sita alikuja ofisini kwa walimu akaniwekea karatasi mbele. Lilikuwa swali lile la mtihani wake, amelifanya upya kwa mkono, jedwali lote, nukta zote, na mstari umepinda laini bila alama hata moja ya kifutio. Sikuona kosa. Nilitia vema, nikaandika kumi juu ya kumi, nikamrudishia, na tukabaki tumeishika ile karatasi, yeye upande huu na mimi upande ule, kwa kuwa hakukuwa na mahali pa kuipeleka.

Wiki iliyofuata wakaja wageni kutoka Nairobi, watu wa vyeo, na walimu tulitakiwa tuwepo. Celine aliwapokea vizuri. Alivaa sketi iliyopigwa pasi, akaketi, akalishusha bakuli, akaliinua, akaeleza kwa nini maswali mengine yana majibu mawili na mengine hayana hata moja. Mama mmoja mgeni, mwenye miwani ya mnyororo, akapendezwa sana.

"Unaeleza vizuri kushinda walimu wangu," alisema. "Na wewe mwenyewe, kwa mtihani hesabu ulipata nini?"

Githongo aliyekuwa mlangoni akacheka kwa sauti na kusema, "Huyu? Huyu ni A, madam! Si unamwona?"

Celine hakumtazama yeye. Alinitazama mimi, kwa yale macho ya darasani ya mtoto aliyetoa jibu na anangoja mwalimu aseme ni sawa au si sawa. Wageni wakapiga makofi. Mimi nami nikapiga, kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya na mikono yangu.